Asheri Alipoulizwa Kama Wamepima

Hapa Bombo ng'ombe hawazururi. Milima yetu haina nafasi ya malisho, kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani akaletewa majani, na wanaoweza kulisha dume la mbegu ni wachache mno. Ndiyo maana kila mwenye jike la maziwa ana namba ya simu ya Asheri Mmbaga, mhamilishaji. Jike likianza kulia na kukataa majani, unampigia, na haipiti nusu siku utasikia pikipiki yake ikipanda katikati ya mashamba ya tangawizi, mtungi wa gesi baridi umefungwa nyuma kwa mipira. Ndani ya mtungi huo kuna mbegu za madume ambayo hatujawahi kuyaona. Asheri huvaa glavu inayofika begani, hufanya kazi yake, hunawa, kisha hukutajia tarehe. "Siku hiyo nitarudi kumpima kama ameshika." Na hurudi. Mvua inyeshe, barabara ikatike, miezi mitatu ikitimia Asheri yuko uani kwako, hata kama wewe mwenyewe umesahau.

Naeleza hili la kurudi kupima kwa sababu ndilo lililomtesa baadaye. Haya yote alinisimulia mwenyewe, na ni yeye aliyesema niyaandike na jina lake nisilifiche.

Alimwoa Evaline akiwa na miaka ishirini na tisa. Evaline ni wa Kileo, kule bondeni Mwanga, binti wa mzee Eliezeri, na alikuwa amekuja Bombo kufundisha watoto wa chekechea ya usharika. Miaka miwili ya kwanza hakuna aliyewauliza kitu. Mwaka wa tatu wakaanza. Kwetu swali la mtoto haliulizwi usoni. Unapewa mtoto wa mwenzako umshike, halafu watu wanakutazama unavyomshika. Evaline alishikishwa watoto kila ubatizo, mpaka akaanza kukaa benchi la nyuma.

Mama yake Asheri, Mama Beatha, yeye hakuwa na subira ya kuzunguka. Siku moja wakichambua maharage barazani alimwuliza mkwewe, "Huko kwenu Kileo, shangazi zako wote walizaa?"

"Wote, mama."

"Basi sijui."

Na watu walikuwa na hoja zao. Ndama wote wa kijiji walipita mikononi mwa Asheri, na vijana walikuwa wakimwita Baba Ndama. Nani angedhani tatizo liko kwake? Mbegu zile si zake, kila mtu alijua hivyo, lakini jina lilimkaa na likamkinga.

Mwaka wa tano wakaenda kupimwa Moshi, wote wawili. Evaline hakukutwa na tatizo lolote. Asheri aliambiwa mbegu zake ni chache sana na dhaifu, na kwamba kwa njia ya kawaida ingekuwa vigumu mno kupata mtoto. Daktari alilisema hilo kwa upole, lakini Asheri aliinamisha kichwa kama aliyekamatwa na kitu cha wizi. Alielewa kila neno. Mara ngapi yeye mwenyewe alikuwa amemwambia mfugaji, dume lako limechoka, tusimlaumu ng'ombe.

Walipotoka nje walikaa kwenye ukuta mfupi wa bustani. Asheri akasema, "Naomba hili libaki kwetu."

"Mpaka lini?" Evaline akauliza.

"Mpaka nijue la kufanya."

Evaline akasema, "Sawa." Ilikuwa sawa ya mke anayempenda mumewe, na Asheri aliitumia kwa miaka mitatu.

Maana Mama Beatha hakuacha. Alipata mizizi kwa mwanamke mmoja wa mlima wa pili, akaichemsha, akamletea mkwewe kikombe kila asubuhi ya Jumatatu na Alhamisi. Dawa ilikuwa chungu kiasi kwamba Evaline alilazimika kula kipande cha ndizi baada yake ili asitapike. Aliinywa. Alijua hana ugonjwa, mumewe alijua hana ugonjwa, na aliinywa mbele ya mumewe, akarudisha kikombe na kusema asante mama. Asheri anasema asubuhi hizo alikuwa akijifanya anakagua mnyororo wa pikipiki. Mara moja tu aliingia ndani na kumwambia mkewe, "Imwage, hatajua."

"Nikiimwaga nitakuwa na uongo wangu juu ya wako," Evaline akamjibu. "Mmoja unatosha nyumba hii."

Hilo lilimkaa Asheri moyoni. Lakini kusema ukweli alishindwa. Kila alipofikiria, alisikia vicheko vya pale sokoni: Baba Ndama anawapa mimba ng'ombe wa watu, wa kwake ameshindwa. Akaona heri atafute dawa kuliko kutafuta ujasiri.

Ndipo wakaenda Dar es Salaam. Nyumbani walisema shangazi yake Evaline anaumwa na hana wa kumuuguza. Kliniki waliyokwenda inashughulikia watu kama wao: wanachukua yai la mama, wanaliingizia mbegu moja ya baba kwa sindano nyembamba kuliko unywele, kiinitete kikipatikana kinawekwa kwenye kizazi. Asheri alimsikiliza daktari, mama mmoja mtu mzima aitwaye Mwanahalima, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili hakuona haya, maana alikuwa akisikia habari za kazi yake mwenyewe. Aliuliza maswali mazuri. Daktari akacheka, akasema, "Baba wewe ungeweza kunisaidia humu ndani."

Kiinitete kiliwekwa, wakakaa Dar wiki mbili, damu ikapimwa, jibu likawa mimba. Evaline aliweka mikono yote miwili mdomoni na kulia kimyakimya. Daktari Mwanahalima aliwaacha wafurahi, kisha akavuta kiti akakaa karibu.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Mimba ipo, lakini bado hatujui iko wapi. Sisi tumeiweka kwenye kizazi. Siku za mwanzo kiinitete hakijajishikiza mahali, kinaelea, na mara chache kinaweza kupanda kikaingia kwenye mrija wa uzazi na kukaa huko. Kati ya mama mia wanaopandikizwa, hutokea kwa mmoja au wawili, wakati mwingine zaidi kidogo. Mrija haukuumbwa kubeba mimba. Mimba ikikua, mrija unapasuka, na mama anavuja damu tumboni bila mtu kuiona."

"Tutajuaje?" Evaline akauliza.

"Altrasaundi. Wiki mbili kuanzia leo, msipitishe. Si lazima mje huku, hata Same mnaweza kupima, mnipigie mniambie walichoona. Na kabla ya hapo, ukipata maumivu upande mmoja wa chini ya tumbo, au damu kidogo, au kizunguzungu, au bega likauma bila sababu, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie umepandikizwa. Uwaambie hivyo kwanza, kabla hawajakuuliza."

Aliwaandikia yote hayo kwenye karatasi yenye muhuri. Asheri aliikunja akaiweka kwenye mkoba wa kazi, chini ya glavu, mahali ambapo mama yake hagusi.

Waliporudi Bombo walikubaliana wasiseme mapema. Lakini Evaline alianza kutapika, na Mama Beatha si mtu wa kudanganywa na matapishi. Alimfuata mwanawe bandani. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Mama Beatha alishika nguzo ya banda. "Dawa imefanya kazi," akasema, na machozi yakamtoka. Asheri hakumrekebisha.

Jumapili iliyofuata Mama Beatha alipeleka jogoo kanisani kwa shukrani. Hakusema ni shukrani ya nini, lakini alivyosimama, na alivyomtazama Evaline, hakuna aliyebaki na shaka. Nje baada ya ibada wanaume walimpa Asheri mkono. Mmoja akasema, "Tulikuwa tumeanza kukuhesabia kwenye wazee, kumbe bado." Watu wakacheka, Asheri naye akacheka. Anasema kicheko kile kilimpa raha kuliko kitu chochote alichowahi kupata, na hapohapo alihisi kama mtu ameshika shingo yake kwa nyuma. Evaline alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, akitazama viatu vyake.

Wiki mbili za daktari zikatimia Jumanne. Jumatatu Evaline alianza kupanga nguo za safari. "Kesho twende Same tukapime," akasema.

Hapo ndipo Asheri alipoanza kuteleza. Pale Same, kwenye hospitali yenye altrasaundi waliyokuwa wakiijua, alikuwa akifanya kazi Blandina, binti wa baba yake mdogo. Blandina angeuliza historia ya mimba, angeiandika, na hata kama kazi yake inamkataza kusema, Asheri hakuamini kwamba jambo kama hilo linaweza kukaa kifuani mwa mtu wa ukoo.

"Wiki hii nina ng'ombe sita upande wa juu," akamwambia mkewe. "Twende wiki ijayo."

"Daktari alisema tusipitishe."

"Wiki moja si kitu. Unatapika vizuri, hauumwi. Mimba iko sawa."

Evaline akakunjua nguo akazirudisha. Wiki iliyofuata mvua kubwa ikanyesha, barabara ya kushuka bondeni ikawa tope, na Asheri akaishukuru mvua ile moyoni. Daktari Mwanahalima alipiga simu mara mbili. Mara zote mbili Asheri aliiacha ikaita mpaka ikakata.

Jumamosi ya wiki hiyo ya pili, Evaline aliamka na maumivu chini ya tumbo upande wa kushoto. Alikwenda chooni, akaona damu kidogo, ya rangi ya kahawia. Alirudi akakaa kitandani na kusema kwa sauti ya kawaida, "Asheri, ni lile alilolisema daktari."

Asheri alimpakia kwenye pikipiki, akamwendesha polepole mpaka zahanati. Mama Beatha aliwaona wakipita, akajifunga kanga ya pili na kuwafuata kwa miguu, na walipoitwa ndani naye alikuwa amekwisha kufika. Hakuna aliyeweza kumwambia abaki nje.

Tabibu wa zahanati yetu anaitwa Erasmo. Si mtu wa kubahatisha. Alimlaza Evaline, akampima presha, akambonyeza tumbo taratibu huku akimtazama usoni. Kisha akauliza, "Hii ni mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza," Evaline akajibu.

"Baada ya miaka mingapi ya ndoa?"

"Nane sasa."

Erasmo akaandika. "Kuna matibabu yoyote mlipata ya kutafuta mtoto? Sindano, vidonge, kupandikizwa?"

Evaline aligeuza kichwa pale kitandani akamtazama mumewe. Mama Beatha alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, naye akimtazama mwanawe, akitabasamu kidogo kama mtu anayesubiri dawa yake itajwe.

"Hapana," Asheri akasema. "Ni ya kawaida tu. Mama alimpa mizizi."

"Mmeshapima altrasaundi?"

Anasema angeweza kusimama hapo. Angesema hapana, Erasmo angewapeleka hospitali, na siri yake ingebaki salama. Lakini aliona kwamba akisema hapana ataulizwa kwa nini, na rufaa itawafikisha Same, kwa Blandina.

"Ndiyo," akasema. "Tulipima Same wiki iliyopita. Walisema mtoto yuko mahali pake."

Neno hilo lilimtoka kirahisi. Erasmo alishusha pumzi. "Hilo ndilo lilikuwa linanitia wasiwasi. Kama walimwona kwenye kizazi, basi tunaangalia mambo mengine." Akapima mkojo, akakuta dalili za maambukizi, akatoa dawa. Akasema apumzike, asibebe kitu, na maumivu yakizidi warudi mara moja, na wasipomkuta hapo wampigie simu.

Njiani kurudi Evaline alikuwa ameegemeza paji la uso mgongoni kwa mumewe, na Asheri alihisi joto la uso ule mpaka nyumbani.

Saa nane mchana Mama Beatha alikuwa jikoni akipasha makande. Evaline aliinuka kwenda kunywa maji, akasema, "Bega linaniuma," kisha akateremka ukutani taratibu mpaka chini. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Alipomgusa, Asheri alikuta jasho la baridi.

Asheri amewahi kuona ng'ombe akivuja damu kwa ndani. Alijua anachokitazama. Hakupiga simu, alimbeba mkewe mikononi mpaka barabarani, akamsimamisha Paschal, dereva wa pikapu ya tangawizi, magunia yakashushwa pembeni ya njia, wakaenda. Zahanati ilikuwa na watu, kina mama wa kliniki wamejaa kwenye benchi la nje, na Erasmo alitoka akiwa na faili mkononi. Asheri alizungumza kabla hajaulizwa, pale barazani, mbele ya benchi lote.

"Nilikudanganya. Hatujapima. Mimba ni ya kupandikizwa, Dar es Salaam. Tuliambiwa inaweza kutunga nje ya kizazi."

Erasmo aliliweka faili chini. Hakumgombeza. Alisema tu, "Ningelijua hili saa tatu asubuhi, saa hizi angekuwa amekwisha kufika hospitali," kisha akamwita muuguzi, dripu mbili zikawekwa, mkono wa kulia na wa kushoto, akapiga simu hospitali ya bondeni wajiandae na damu na chumba cha upasuaji. Yeye mwenyewe alipanda nyuma ya pikapu kushikilia dripu. Mama Beatha alipanda pia. Hakuna aliyemwambia apande au asipande.

Barabara ya kushuka ilikuwa bado na tope. Kule nyuma Mama Beatha alikuwa ameweka kichwa cha mkwewe mapajani, na walipopita kona ya tatu au ya nne aliuliza, "Kupandikizwa kwa nini? Si ana kizazi?"

"Kizazi chake hakina tatizo, mama," Asheri akajibu. "Tatizo ni langu. Mbegu zangu hazifai. Tunajua tangu mwaka ule tulipokwenda Moshi."

"Na ile dawa?"

"Alikuwa anakunywa tu."

Mama Beatha alifungua kanga yake ya pili akamfunika Evaline miguu.

Hospitali walimpokea mlangoni. Mrija wa kushoto ulikuwa umepasuka, na tumbo lilikuwa na damu zaidi ya lita moja na nusu. Asheri alitaka kutoa damu yake, ikapimwa, ikakutwa haiendani na ya mkewe. Ya Paschal iliendana. Asheri alikaa kwenye korido akimtazama mwanamume asiye ndugu yao akikunja mkono wa shati, na hakujua aweke wapi macho yake. Saa kumi na mbili jioni daktari wa upasuaji akatoka na kusema mama atapona, mrija mmoja umeondolewa, wa pili uko salama. Akaongeza, bila kumlenga mtu, kwamba wangechelewa saa moja nyingine angekuwa anawaambia habari tofauti.

Evaline alilazwa siku sita. Siku ya pili alipoweza kuzungumza, Asheri alikaa kando ya kitanda akaanza kuomba msamaha, maneno mengi, yamechanganyika. Evaline alimwacha amalize.

"Mimba imepotea," akasema. "Hilo sikulaumu. Daktari alituambia linaweza kutokea kwa yeyote, na hata tungepima mapema ile mimba isingepona. Ningepata dawa, au upasuaji mdogo, basi." Akapumzika kidogo, maana mshono ulikuwa unauma. "Ila ng'ombe wa Mama Priska ulirudi kumpima tarehe uliyomtajia. Ulikwenda kwa miguu kwa sababu ya tope. Ilikuwa wiki ileile."

Ilikuwa kweli. Asheri alikumbuka hata jinsi Mama Priska alivyomsifu.

"Na mimi nilinyamaza," Evaline akaendelea. "Nilikuwa nimelala pale nasikia, ningeweza kusema. Nilizoea kukufichia. Hilo nitalitafakari mwenyewe, huna haja ya kunisaidia."

Alipotoka hospitali hakurudi Bombo. Alisema anataka kwenda kupona kwa mama yake, Kileo. Asheri alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampandishia mzigo, na Evaline akamwambia, "Usinipigie kila siku. Nitapiga mimi."

Miezi miwili ile ilikuwa mibaya. Habari ilikuwa imefika kila kilima kabla yeye hajarudi, maana benchi zima la kina mama lilisikia. Jina la Baba Ndama likafa. Hakuna aliyelitumia tena, na ukimya huo ulimuuma kuliko dhihaka. Akiingia kwenye banda la mtu, mazungumzo yanakatika. Mtu mmoja, aliyekuwa amelewa, alimwuliza kama mtungi wake una mbegu za watu pia. Asheri alifunga mtungi, akaenda zake. Aliacha kwenda kanisani Jumapili tatu. Ya nne mama yake alimjia akiwa amekwisha kuvaa na kusema, "Twende. Mimi nilipeleka jogoo. Kama ni aibu, tuigawane."

Aliyemtesa zaidi ni Erasmo. Asheri alisikia kwamba tabibu alikuwa ameandika maelezo marefu ya tukio na kujilaumu kwamba aliamini mdomo bila kudai karatasi ya kipimo. Asheri alimfuata zahanati, akampa ile karatasi yenye muhuri iliyokuwa chini ya glavu, na kumwambia aiweke kwenye maelezo yake ili ijulikane kosa ni la nani. Erasmo akaisoma mpaka mwisho. "Ilikuwa na kila kitu," akasema. "Siku hizi mtu akiniambia amepima, namwomba anionyeshe. Hata akiwa ni mtu ninayemheshimu."

Mwezi wa pili ukielekea kwisha, Asheri na mama yake walishuka Kileo. Mzee Eliezeri aliwapokea, maji yakaletwa, salamu zikachukua muda wake. Evaline alikaa karibu na mlango, amenenepa kidogo usoni, amesuka. Asheri alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi jinsi ya kuanza, lakini alipofungua mdomo yalitoka bila mpangilio: Moshi, mbegu, dawa ya mizizi, Dar es Salaam, simu aliyoiacha ikaita, neno alilolisema zahanati. Mama Beatha alikuwa akitazama mikono yake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja. "Ulipomjibu tabibu kwamba mmepima, binti yangu alikuwa anakutazama?"

"Alikuwa ananitazama, baba."

"Basi hilo ndilo la kuombea msamaha. Hayo ya mbegu ni ugonjwa, hata mimi nina kisukari. Hukutukosea kwa kuumwa."

Mama Beatha akazungumza kwa mara ya kwanza. Alimgeukia Evaline. "Mwanangu, ile dawa nilikuwa naionja kabla sijakuletea. Najua ilivyokuwa." Evaline aliinuka, akaenda akakaa mkekani kando yake. Hakumkumbatia, lakini alikaa pale mpaka chakula kikaletwa.

Alirudi Bombo mwezi wa nane, kwa siku aliyoichagua mwenyewe. Kule Dar es Salaam bado kuna viinitete vyao vitatu vimehifadhiwa kwenye baridi, na Daktari Mwanahalima amewaeleza kwamba wakijaribu tena Evaline atakuwa kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa hiyo altrasaundi itakuwa ya mapema na si ya kusubiriana. Evaline amesema akiwa tayari atasema. Hajasema bado, na Asheri hamwulizi. Mwanamume mmoja, Anold, wa kijiji cha pili, alikuja kumwita kwa ajili ya ng'ombe ambaye hakuwa na dalili yoyote ya kutaka dume. Walipofika bandani alisema ng'ombe ni mzima, ila yeye na mkewe wana miaka sita bila mtoto. Asheri alimweleza waanzie wapi, akamwambia waende wote wawili, na yeye Anold ndiye atangulie kupimwa. Alimwambia na mengine aliyoambiwa na daktari, moja baada ya jingine, akamfanya ayarudie.

Wiki iliyopita nilikuwa kwao nikichukua mbegu za majani. Mama Beatha alikuwa uani akianika iliki na mgeni mmoja, mwanamke wa ukoo aliyetoka Same, ambaye inaonekana habari zilimfikia nusunusu. Yule mgeni akasema kwa sauti ya huruma, "Na huyu mkweo, maskini, kizazi kimegoma kabisa?"

"Kizazi chake ni kizima," Mama Beatha akajibu. "Tatizo ni la mwanangu."

Asheri alikuwa nyuma ya banda, hatua chache tu, akikata majani. Niliona masikio yake yakibadilika rangi na panga likasimama hewani. Nilidhani angeondoka, maana kulikuwa na njia ya kutokea upande wa migomba. Hakuondoka. Aliinama, akashika fungu jingine la majani, akaendelea kukata.